Makontena yakiondoka Malindi, ardhi apewe nani?

Tangu itangazwe kwamba shughuli za mizigo za Zanzibar zitahamia bandari mpya ya Mangapwani na Malindi, bandari ya Mji Mkongwe, ibakie bandari ya abiria na utalii, mabaraza ya Mji Mkongwe yamegawika. Wapo wanaoshangilia: malori yatapungua, vumbi litatulia, na pwani iliyofichwa nyuma ya makontena itaonekana tena. Wapo pia wanaoomboleza: mji huu umezaliwa na bandari, wanasema, na mji wa bandari usioshusha mzigo ni pambo tu. Nionavyo mimi, wote wanabishania kuondoka kwa makontena, jambo ambalo halina ubishi mkubwa, na wanaliacha lile lenye ubishi. Ardhi itakayobaki wazi itakuwa ya nani? Nani ataweza kukaa pale jioni bila ya kununua kitu? Vyumba na maghala ya jirani yatakodishwa kwa kodi gani? Sifa ya Mji Mkongwe kama mtaa wa sanaa imejengwa na maamuzi machache ya zamani ya kuiacha pwani mikononi mwa umma na ya kuwaacha watu wa kipato kidogo wakae ndani ya majumba makubwa. Malindi ni uamuzi wa jinsi hiyo hiyo, na huenda ukawa wa mwisho, maana sioni kipande kingine cha pwani ya mji ambacho bado hakijaamuliwa.

Wanaodhani kwamba bandari kuhama ni jambo geni wakumbuke Forodhani. Bustani tunayoiringia leo ilikuwa uwanja wa kazi. Hapo ndipo palipokuwa na mabanda ya forodha na maghala, mizigo ikishushwa kutoka kwenye mashua kwa sababu meli kubwa zilitia nanga mbali na ufukwe. Reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, ilianzia karibu na Ngome Kongwe na kupita katikati ya mji kuelekea kaskazini. Gati lilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, mizigo iliifuata, na mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la masultani, pakabaki kiwanja kitupu mahali pa thamani kuliko pote mjini. Serikali ya kikoloni na Sultani Khalifa bin Haroub hawakuwa watu wa kugawa ardhi kwa wanyonge, lakini katikati ya miaka ya 1930, jubilei ya Sultani ilipokaribia, kiwanja kile kilifanywa bustani. Hapakujengwa hoteli wala klabu ya wakubwa. Klabu ya Waingereza tayari ilikuwapo Shangani, na mwafrika hakuingia isipokuwa amebeba sinia. Bustani ilikuwa wazi. Baada ya Mapinduzi ikabaki wazi. Ulipofika mwaka 2009 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukaikarabati upya, wachuuzi waliokuwa wamehamishwa wakati wa kazi walirudi na meza zao, ingawa safari hii kwa utaratibu na kofia nyeupe. Karibu karne nzima, kwa hiyo, ardhi iliyoachwa na bandari imekuwa ya kila mtu. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Mtu aliamua, na waliofuata hawakuuvunja uamuzi ule.

Angalia kinachotendeka pale kwa sababu hiyo. Alasiri vijana wanapanga foleni ukutani kuchupa baharini, kila mmoja na mtindo wake, na siku hizi wanajua kabisa simu ipi inawapiga picha na wanapandisha vishindo. Magharibi ikiingia, mishikaki, pweza, urojo na maji ya miwa. Mgeni atakwambia Forodhani ni pahala pa watalii, na kwa bei za meza fulani hajakosea. Ila tembelea usiku wa Alkhamis au sikukuu ya pili ya Idi uone. Familia kutoka Mwanakwerekwe na Fuoni zimejaa, watoto wamevaa nguo mpya, na wengi wao hawanunui zaidi ya ubuyu na muhogo. Wamekuja kukaa. Watu wakishakaa, ngoma hutafuta watu. Mchoraji huweka picha zake kando ya njia, kijana mwenye udi hujaribu wimbo, kikundi cha sarakasi hutandika mkeka. Kutoka hapo unaingia Ngome Kongwe, ambako tamasha la muziki la Sauti za Busara limekuwa likipigwa karibu kila Februari tangu 2004 na tamasha la filamu la ZIFF tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Panda Gizenga na Hurumzi, kata kushoto hadi Sokomuhogo, ukae Kona ya Jaws kwa kahawa chungu na kashata, usikilize siasa na mpira vikijadiliwa kwa ukali mmoja. Mwendo wa robo saa tu kwa miguu, lakini unapita mbele ya fundi wa milango, mshonaji wa kofia, duka la viungo, madrasa, klabu ya taarabu na kaburi la mtu ambaye kila mzee ana kisa chake tofauti kumhusu. Watu wa mipango miji huziita sehemu hizi vivutio, kana kwamba kila moja imesimama peke yake. Kinachozifanya zivutie ni kule kushikana kwao, na zimeshikanishwa na watu wanaoweza kwenda kwa miguu kutoka moja hadi nyingine kwa sababu wanaishi karibu au wana ruhusa ya kukaa.

Hapa lazima tuwe wakweli, maana kuna masimulizi ya Mji Mkongwe yanayopakwa sukari. Mji huu haukujengwa kwa ajili ya wote. Umejengwa kwa karafuu, pembe na watumwa, na soko la Mkunazini halikufungwa ila mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Wanyonge waliishi Ng'ambo, ng'ambo hasa ya maji, kabla ule mkono wa bahari haujafukiwa na kuwa barabara ya Darajani. Na sanaa iliyoupa mji jina imetoka pande zote mbili. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu, ilianzishwa mwaka 1905 na vijana wa mjini waliopenda ala za Misri, ikawa klabu ya waungwana. Lakini aliyeitoa taarabu kwenye kasri na kuitia kwenye Kiswahili cha mitaani ni Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, akaishi Ng'ambo, akaimba katika nyumba za matajiri wa ndani ya mji, na mwaka 1928 akarekodi Bombay. Sauti yake ilihitaji pande zote: Ng'ambo ilimpa habari za kuimba, Mji Mkongwe ulimpa ukumbi na wapiga ala, bandari ikampa santuri na safari. Hata gwaride la kufungua Sauti za Busara limezoeleka kuanzia upande wa Ng'ambo, beni na mwanandege wakitangulia, likaishia pwani. Kwa hiyo ninaposema watu wabaki sisemi koo za kale zirudishiwe majumba. Wengi wanaoishi Kiponda na Malindi leo waliingia baada ya 1964, wengine wakitoka Pemba na mashamba, wakapewa chumba kimoja kimoja ndani ya jumba la tajiri aliyekimbia. Hao ni wenyeji. Mwenyeji wa mtaa ni yule anayeamka humo.

Turudi kwenye makontena. Wanaoomboleza wana hoja moja nzuri na moja dhaifu. Iliyo nzuri ni kwamba bandari inaajiri mahamali, makarani, mama ntilie na madereva, na kazi hizo zinalisha mitaa ya Malindi na Funguni. Ni kweli, na mpango wowote usiosema watu hao watafikaje Mangapwani, zaidi ya kilomita ishirini kaskazini ya mji, haujakamilika. Iliyo dhaifu ni ile inayodai kwamba kontena ni urithi. Kontena halina udugu na jahazi. Jahazi lilileta mabaharia waliokaa miezi wakisubiri upepo ugeuke, na katika kusubiri huko wakaoa, wakaimba, wakafanya biashara na mitaa. Kontena linashushwa na winchi, linapakiwa kwenye lori, na lori linapita kwa uzito wake wote kando ya kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikamanishwa kwa chokaa. Gati la Malindi limekuwa dogo kwa miaka mingi, meli zikisubiri nangani siku nyingi na bei ya unga ikipanda kwa kila siku ya kusubiri. Tayari sehemu ya makontena hupelekwa bandari kavu ya Maruhubi. Yaondoke. Sijaona atakayekosa usingizi kwa kukosa honi zao.

Upande wa wanaoshangilia una nguvu zaidi, na unastahili kujibiwa kwa uangalifu. Wanasema: mtalii ndiye aliyeuokoa Mji Mkongwe. Katika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka kila masika, na Mamlaka ya Hifadhi ilipoundwa mwaka 1985 ilikuwa na kazi ya kuhesabu magofu. Mawe haya yana tabia yake. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta maji na kuyatoa. Unahitaji kupakwa chokaa mara kwa mara, na paa likivuja miaka miwili tu, boriti za mikoko zinaoza kutoka kwenye ncha zilizoingia ukutani na dari inashuka. Ukarabati wa namna hiyo si wa mpangaji anayelipa kodi ndogo kwa shirika la umma, wala wa warithi kumi na saba wa nyumba moja, nusu yao wako Muscat na Toronto. Fedha zimekuja na hoteli. Jengo la zamani la simu pale Shangani lisingesimama leo kama halikugeuzwa Serena katika miaka ya 1990. Barabarani Hurumzi, Mmarekani Emerson Skeens alinunua majumba yaliyokuwa yanabomoka akayarudishia milango, vioo vya rangi na muziki wa jioni juu ya paa, na wapiga kanuni na fidla wengi wa mji wamepata mshahara kwenye mapaa hayo na mengine kama hayo. Anayesema hoteli zimeleta uharibifu tu hajapita Baghani mwaka 1988.

Pamoja na hayo, hoja hii inanyamazia mambo mawili. La kwanza ni la kiufundi na watu hawalisemi kwa kuwa halionekani: jumba lililokuwa na choo kimoja uani, likigeuzwa hoteli, linapata bafu kila chumba, na kila bafu ni maji yanayopita ndani ya ukuta usiopenda maji. Ongeza saruji, ambayo fundi asiye na subira huipaka juu ya chokaa, na unyevu unafungiwa ndani mpaka ukuta uanze kujimenya wenyewe. Hoteli inaokoa jengo ikiwa inafuata kanuni, na kuzifuata kanuni kunategemea nani anakagua na mwenye hoteli ni rafiki wa nani. La pili ni Mambo Msiige. Jumba lile la katikati ya karne ya 19, ufukweni Shangani, lilikuwa mali ya umma na ofisi za Serikali kwa miaka mingi. Lilikodishwa kwa mwekezaji, likakarabatiwa, pembeni yake likaongezwa jengo jipya, na mwaka 2015 likafunguliwa kama hoteli ya Park Hyatt. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika kuhusu ukubwa wa ujenzi ule na namna ulivyoidhinishwa. Zanzibar ikajibu, barua zikaenda na kurudi, hoteli ikasimama. Ukarabati wa jumba la kale, kusema haki, ni mzuri. Lakini pima ulichobakiwa nacho wewe usiyelala pale. Umma ulikuwa na jumba bovu na kiwanja kando ya bahari. Sasa una jumba zima usiloliingia. Hayo ndiyo mabadilishano yaliyofanyika Shangani, kinyume kabisa na yale ya Forodhani, na Malindi itafuata mfano mmoja kati ya hii miwili.

Ipo hoja nyingine ambayo watetezi wa wenyeji hatupendi kuigusa. Watu wanahama wenyewe. Muulize kijana aliyezaliwa Mkunazini kwa nini amejenga Tunguu au Mbweni, hatakutajia mwekezaji. Atakutajia giza la chumba, ngazi zinazomchosha mama yake, gari isiyo na pa kuegeshwa, mtaro unaofurika mvua kubwa ikinyesha, na papasi, vijana wanaowaandama watalii, wanaomwita mkewe kwa Kiitaliano mlangoni kwake. Anapangisha nyumba kwa mgeni, anapata kwa mwezi kile ambacho mpangaji wa Kizanzibari asingeweza kumlipa kwa mwaka, na kwa fedha hizo anasomesha watoto. Siwezi kumlaumu, na sera yoyote inayoanza kwa kumlaumu itashindwa. Wageni waliofika Zanzibar mwaka 2024 walipita 736,000, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabu kuwa na watu wasiofika milioni mbili. Shinikizo la namna hiyo juu ya mji wa hekta 96 halizuiliki kwa mawaidha. Ila tutofautishe mtu anayehama kwa hiari na mtaa unaopoteza uwezo wa kupokea mtu mwingine wa aina yake. Kijana wa Mkunazini akienda Tunguu, miaka iliyopita chumba chake kingechukuliwa na mwalimu wa skuli, au mpiga ngoma kutoka Makunduchi. Sasa kinaingia kwenye programu ya kukodisha kwa usiku. Kuhama kwa wakazi kumekuwapo siku zote; jipya ni kwamba mlango umefungwa kwa anayetaka kuingia.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayojifanya ya kibiashara: acha soko liamue, sanaa yenye thamani itajilipia, msanii hodari hatashindwa kodi. Nimeisikia kwa watu wazima wenye shahada. Jibu lake liko kwenye kalenda. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha za wafadhili. Tamasha linalojaza vyumba vya mji mzima kwa juma zima lilishindwa kupata mdhamini, huku wenye vyumba wakiwapo. Mwaka 2019 ulivunja rekodi ya utalii kabla ya korona, wageni 538,264. Mwaka huo huo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002 na kufundisha udi, kanuni na ngoma za kwetu ndani ya jengo la forodha ya zamani Mizingani, kilitangaza kwamba kinakaribia kufunga milango kwa kuwa wanafunzi wengi hawawezi kulipa ada na wafadhili wamepungua. Wanafunzi wa chuo kile ndio wanaopiga kwenye mapaa ya hoteli. Utalii ulikuwa juu kuliko wakati wowote, na kiwanda kinachoutengenezea sauti yake kilikuwa kinakufa hatua chache kutoka gatini. Soko lilikuwa limeshaamua: linanunua wimbo wa saa moja jioni, halilipii miaka sita ya kujifunza wimbo huo. Na likiachwa peke yake linapunguza hata wimbo wenyewe. Michoro ya Tingatinga, sanaa iliyozaliwa Dar es Salaam, imejaa maduka yote ya Gizenga kwa sababu inaeleweka haraka na inakunjika kwenye begi. Mchoraji anayejaribu kitu cha ajabu kidogo hana ukuta wa kutundika, kwa kuwa ukuta una kodi ya dola.

Anayetaka kuona mwisho wa njia hii avuke mpaka. Lamu iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja tu baada ya Mji Mkongwe. Kijiji cha Shela, mwendo mfupi kutoka Lamu mjini, kimekarabatiwa kwa uzuri usio na kasoro, na majumba yake mengi ni ya wageni wanaokuja msimu wa sikukuu na kufunga madirisha miezi mingine. Ukitaka maulidi, mashairi na ugomvi wa punda unarudi Lamu mjini, kwenye mitaro inayonuka na watoto wengi. Sisemi mitaro inayonuka ndiyo utamaduni. Nasema uzuri wa kuta na uhai wa mtaa ni hesabu mbili, na ofisi zetu zinaweka daftari la moja tu.

Zanzibar ina bahati ambayo miji mingi yenye pwani ya kupendeza haina: sehemu kubwa ya majumba haya bado si ya watu binafsi. Mengine ni ya Serikali kupitia Shirika la Nyumba, mengine ni ya wakfu chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Miji mingine duniani inapotaka kumlinda msanii au fundi lazima inunue nyumba kwanza kwa bei ya soko. Sisi tunazo tayari, na tunazikodisha ovyo: ama kwa kodi ya chini mno isiyoweza kununua hata ndoo ya chokaa, ama kwa mkataba mrefu wa hoteli ambao mjukuu wa aliyeutia saini ndiye atakayeuona ukiisha. Kati ya mawili hayo pana nafasi pana. Ghorofa ya chini ya jumba la umma inaweza kukodishwa kwa fundi au klabu kwa kodi inayolipia matengenezo, na ghorofa za juu zikapangishwa wageni kwa kodi inayozidi, fedha zikabaki kwenye jengo hilo hilo badala ya kumezwa na hazina. Wakfu wenyewe uliwekwa kwa mantiki hiyo: duka la chini lilishe msikiti wa jirani. Sauti za Busara nayo imezoea kumtoza mwenyeji kiingilio kidogo na mgeni kikubwa, na sijamwona Mzungu aliyerudi uwanja wa ndege kwa hasira. Kwa hiyo bei mbili si jambo la kuvumbua. Tumezizoea mlangoni mwa Ngome. Kinachotushinda ni kuziandika kwenye mkataba wa nyumba.

Watakuja watu kusema kwamba Serikali ni mwenye nyumba mbaya, na watataja Beit al-Ajaib. Wana haki. Jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, la kwanza mjini kuwa na umeme, lilikuwa mikononi mwa umma lilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Dalili zilikuwapo miaka kabla. Sehemu ya roshani ilikwisha kuanguka mwaka 2012. Fedha za kulikarabati zimetoka Oman, na hilo lina maana yake ya kihistoria ambayo kila mtu ataisoma kwa miwani yake. Lakini jumba lile halikuanguka kwa sababu lilikuwa la umma. Lilianguka kwa sababu umma haukuwa na mfuko wa matengenezo uliofungamanishwa na jengo, kila tatizo likisubiri mfadhili. Kumkabidhi mwekezaji Malindi yote kwa kuogopa Beit al-Ajaib nyingine ni kukwepa kazi hiyo ya kutenga fedha, na kulipia ukwepaji kwa ardhi.

Basi Malindi yenyewe ifanyweje? Diko na soko la samaki lililojengwa upya kwa msaada wa Japani lazima libaki pale lilipo, na pembeni yake wabaki wapasuaji barafu, washona nyavu na mafundi wa mashua. Najua tayari mtu ameshalalamika kuhusu harufu, na malalamiko yataongezeka siku hoteli ya kwanza itakapofungua madirisha upande ule. Majahazi ya mbao yanayoleta mbao, chumvi na mikoko yapewe sehemu yao ya gati. Yanachukua nafasi ndogo, na bila ya hayo chuo kinachobeba jina la nchi za jahazi kitakuwa kinafundisha muziki wa chombo ambacho hakionekani dirishani. Maghala yatakayobaki matupu yasibomolewe haraka. Ghala kubwa lisilo na nguzo katikati ndilo ambalo mji huu umelikosa tangu sinema zake zilipokufa moja baada ya nyingine: pahala pa mazoezi ya ngoma, pa kuchora picha isiyopita mlango wa Kiponda, pa kuonyesha filamu mvua ikinyesha na Ngome Kongwe haina paa. Kwa mahamali na mama ntilie, zabuni ya awali ya vibanda iwe yao kabla haijafika kwa kampuni yoyote.

Uamuzi utakaotangulia yote hayo ni mdogo kwa sura, na unaweza kupita bila ya mjadala kwa sababu utaletwa kama suala la usalama: uzio. Bandari ya mizigo ina haki ya uzio. Bandari ya boti za Unguja na Dar es Salaam inahitaji uzio sehemu ya kuabiria na si zaidi. Lakini uzio ulioachwa pale kwa mazoea, ukabadilishwa kutoka waya hadi vioo, utageuza pwani nzima kutoka Mizingani hadi Funguni kuwa chumba cha kusubiria cha wenye tiketi, na hapo hakuna kodi nafuu wala ghala la sanaa litakaloirudisha. Michoro ya mwekezaji ikitolewa, tusihangaike kutazama minazi na wanawake wa Kizungu waliochorwa wakinywa kahawa. Tutafute mstari unaoonyesha lango liko wapi, linafunguliwa saa ngapi, na kama mtoto wa Mwanakwerekwe aliyekuja na shilingi mia tano ya ubuyu ataruhusiwa kupita saa nne za usiku.